Mkuu Asiyesikia la Wadogo: Somo la Tabora na Litowa

Katika makongamano ya vijana, katika hotuba za mahafali na katika vitabu vya hamasa vinavyouzwa kandokando ya stendi za mabasi, mtu aliyefanikiwa huchorwa kwa sura moja. Huamua haraka na huamua peke yake. Hawasikilizi wakatisha tamaa, na akishaamua hageuki nyuma. Wanafunzi huambiwa wamwige mtu huyo. Kwa bahati mbaya, hata baadhi ya wakuu wetu wa idara na wa taasisi wameshaanza kumwiga: kikao huitishwa ili kupokea uamuzi, wala si kuufikia, na mjumbe anayeuliza swali la pili huonekana ana ajenda.

Ninaipinga picha hiyo. Sina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwa kuwa historia yetu wenyewe inao wa kutosha, na sehemu yake moja ilitokea hapa Songea. Ubora wa uamuzi mkubwa hautokani na kasi wala ujasiri wa mwamuzi. Hutokana na mambo mawili: ni nani aliyepata nafasi ya kusema "hapana" kabla uamuzi haujafanywa, na ni nani anayeweza kusema "tumekosea" baada ya kufanywa. Mtu mwenye akili nyingi akiyakosa hayo mawili ataamua vibaya, tena kwa nia njema kabisa.

Tuanze na Tabora. Januari 1958 chama cha TANU, kikiwa na umri wa miaka mitatu na nusu tu, kilifanya mkutano wake mkuu mjini humo. Mbele ya wajumbe palikuwa na swali lililoweza kukivunja chama. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kana kwamba jamii hizo tatu zilikuwa na idadi sawa ya watu. Aidha, haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au wadhifa. Ulikuwa utaratibu wa dhuluma, na kila mjumbe aliujua kuwa hivyo.

Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa na jibu: kususia. Mwalimu Nyerere alikuwa na jibu jingine. Aliona kwamba TANU ikisusia, viti vitachukuliwa na wapinzani wake, na serikali itapata baraza ambalo italiita sauti ya wananchi. Lakini rais huyo wa chama hakutoa amri. Alisimama mbele ya watu waliokuwa wakimpinga, akajenga hoja, akajibiwa, akajibu tena. Mwishowe mkutano ulikubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alijitoa, akaanzisha African National Congress, na mwaka 1962 alishindana na Nyerere mwenyewe katika uchaguzi wa urais. Alipata kura chache mno, lakini jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura.

Matokeo yanafahamika. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea waliokuwa na TANU au walioungwa mkono nayo walishinda katika majimbo yote. Katika uchaguzi wa 1960 chama kilipata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Uamuzi ule umepewa jina la Uamuzi wa Busara, na ni haki yake.

Sasa tuje nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini Litowa, katika Wilaya ya Songea, wakaanzisha kijiji cha kulima na kuishi kwa ushirika. Hawakutumwa na wizara. Vijiji vingine vikafuata mfano wao, na kutokana navyo ukazaliwa umoja uliojulikana kama Ruvuma Development Association. Kufikia mwaka 1969 ulikuwa na vijiji vipatavyo 17, mashine ya kusaga nafaka hapa mjini, kiwanda cha kupasua mbao, na shule ya Litowa ambayo watoto wake walisoma huku wakishiriki kazi za kijiji. Watu wengi walioandika kuhusu historia ya elimu nchini wanaihusisha shule hiyo na mawazo ya Elimu ya Kujitegemea, andiko ambalo Mwalimu alilitoa Machi 1967. Ujamaa vijijini, ambao kwingineko ulikuwa bado karatasini, Litowa ulikuwa tayari unakula ugali wake wenyewe.

Jambo lililovitofautisha vijiji hivi halikuwa kilimo chenyewe. Ilikuwa ni namna ya kuamua. Wanakijiji walikutana, wakajadili, wakachagua viongozi wao na kupanga kazi zao. Mtaalamu, akiwemo mshauri wao Mwingereza Ralph Ibbott, alikuwa na ushauri. Kauli ya mwisho ilikuwa ya wanachama. Hilo ndilo lililowatia wasiwasi baadhi ya viongozi wa mkoa na wa taifa. Watu waliozoea kuamua mambo yao hawakuwa wepesi kupokea kila agizo, na umoja wao ulianza kutazamwa kama dola ndani ya dola.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, ya chama kilekile cha Tabora na chini ya mwenyekiti yuleyule, iliuvunja umoja huo. Mali zake zilichukuliwa, wataalamu wakaondoka, na walimu wa Litowa wakatawanywa kwenye shule nyingine. Uamuzi uliogusa maisha ya mamia ya familia za Ruvuma ulifanyika Dar es Salaam, na familia zenyewe zililetewa taarifa.

Wengi huuliza: inawezekanaje chama kimoja, chenye kiongozi mmoja msomi na mwadilifu, kikafanya uamuzi ule wa 1958 na huu wa 1969? Jibu la kwamba madaraka yalimlevya Mwalimu halitoshi, wala halimtendei haki. Mtu huyu alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa, mwana wa Ruvuma hii hii, ili arudi kukijenga chama. Kilichobadilika ni mazingira ya kuamulia.

Mwaka 1958 mpinzani wa hoja alikuwa na ukumbi wa kusemea na mlango wa kutokea. Mtemvu aliposhindwa aliondoka na chama chake. Kiongozi aliyejua kwamba wafuasi wake wanaweza kuondoka alilazimika kuwashawishi. Lakini mwaka 1965 nchi iliingia rasmi katika mfumo wa chama kimoja. Tangu hapo asiyekubaliana na chama hakuwa na mahali pa kwenda, na asiye na pa kwenda hujifunza kunyamaza. Wakubwa waliofanya uamuzi wa 1969 hawakuwa na haja ya kumshawishi mtu wa Litowa, kwa sababu hakuwa na njia ya kuwapinga.

Kuna tofauti ya pili. Uamuzi wa Tabora ulikuwa na njia ya kurudia. TANU ingeshindwa uchaguzi ule ingeumia, lakini wanachama, matawi na viongozi wake wangebaki, na wangeweza kubadili mwelekeo. Kuivunja Litowa kulikuwa maji ya kumwaga. Imani ya watu waliolima porini kwa miaka kadhaa bila kulipwa mshahara, wakiamini kwamba walichojenga ni chao, haikuweza kurudishwa kwa waraka. Na miaka minne tu baadaye serikali iliihitaji imani hiyohiyo. Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa ni amri, na mamilioni ya watu wakahamishwa, mahali pengi kwa nguvu. Nchi ilikuwa imewatawanya watu waliojua namna ya kuhamia kijijini kwa hiari, kisha ikabaki na magari ya kuwahamishia watu.

Yupo atakayeniambia kwamba ninahukumu kwa matokeo: Tabora ilifaulu, basi tunaiita busara, ingeshindwa tungeiita upumbavu. Pingamizi hilo ni zito, na ndiyo sababu sikutegemea matokeo peke yake. Hata kama TANU ingeshindwa mwaka 1958, bado uamuzi ungekuwa umefanywa vizuri: hoja za pande zote zilisikika, waliopinga walijulikana, na njia ya kurudi ilikuwepo. Na hata kama vijiji vya Ruvuma vingestawi chini ya uongozi mpya, bado ingekuwa kosa kuamua bila kuwasikiliza wenyewe. Mwamuzi hana mamlaka juu ya kesho. Ana mamlaka juu ya namna anavyoamua leo.

Mwingine atasema kwamba kusikiliza watu wote kunachelewesha, na nchi maskini haina muda. Kuna nyakati hoja hiyo ni ya kweli. Mlipuko wa kipindupindu hauwezi kusubiri kongamano. Lakini maamuzi mengi tunayoyaharakisha si ya dharura. Tunaharakisha kwa sababu bajeti inakaribia kufungwa, kwa sababu mkubwa anakuja ziara, au kwa sababu tunajua kwamba tukiuliza tutaambiwa hapana. Muda tunaouokoa kwenye mkutano huja kutumika baadaye, kwa riba, kwenye mabaraza ya ardhi na mahakamani.

Mwalimu mwenyewe aliliona jambo hili. Katika mahojiano ya mwaka 1984, karibu na kung'atuka kwake, alitaja mambo mawili ambayo asingeyafanya kama angeanza upya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Yatazameni makosa hayo kwa makini. Yote mawili ni ya kuondoa vyombo ambavyo kupitia hivyo mtu wa chini angeweza kumwambia mtu wa juu kwamba amekosea. Hakuyataja yale ya kukosa fedha au wataalamu. Aliyataja yaliyoikosesha serikali masikio.

Somo hilo lilionekana tena mwaka 1991, pale Rais Ali Hassan Mwinyi alipounda Tume ya Jaji Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa siasa. Takriban asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Kwa hesabu ya haraka, kazi ilikuwa imekwisha. Tume haikuhesabu vichwa tu. Ilipima pia uzito wa hoja za wachache, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 mfumo ukabadilishwa. Tunaweza kulaumu mengi kuhusu mageuzi yale, lakini kura chache zilisikilizwa kabla hazijawa ghasia.

Haya yanatuhusu leo. Ruvuma ni mkoa wa maamuzi makubwa: makaa ya mawe ya Ngaka, urani ya Mto Mkuju, mashamba makubwa ya kahawa, ardhi ya vijiji inayotamaniwa na wengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ipo. Swali ni kama mkutano huo unaitishwa ili wananchi waamue, au ili wasaini mahudhurio.

Kwa mtumishi wa umma ushauri wangu ni wa kiofisi tu. Muhtasari wa kikao uandike pia hoja za waliopinga, si azimio peke yake. Kabla ya kuamua, atafutwe yule atakayebeba hasara iwapo mambo yatakwenda kombo, asikilizwe yeye kwanza. Na kila uamuzi mkubwa upangiwe tarehe ya kuutazama upya, ili kuurekebisha kusihesabike kuwa aibu ya mtu. Kwa mwanaharakati: dai nafasi ya kusikilizwa kabla ya uamuzi, maana maandamano baada ya mkataba kusainiwa huwa ni kilio msibani. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kuwa mkubwa: chagua mapema marafiki watakaothubutu kukukatalia, na uwalinde, kwa kuwa cheo kitakapokuja kitakuletea wengi wa kukupigia makofi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu asiyesikia la wadogo mara nyingi havunjiki yeye. Miguu inayovunjika ni ya wale aliowaamulia, na watu wa Litowa walilijua hilo kabla yetu.