Sindano Ipate Msomaji: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: VIPIMO VYA UVIMBE WA MIRIJA YA NYONGO

Macho yakigeuka manjano na ngozi ikawasha, skani huonyesha mahali nyongo ilipoziba. Si kila mara husema imezibwa na nini. Huenda ikawa saratani ya mirija yenyewe. Lakini uvimbe adimu wa neuroendokrini, yaani wa seli zinazotoa homoni, huweza kufanana nayo, na tiba yake ni nyingine. Ugonjwa wa IgG4, ambao ni wa kinga ya mwili, nao huiga saratani, ilhali hupungua kwa vidonge vya steroidi. Hata tezi zilizovimba kwa kifua kikuu huweza kubana mrija.

Sindano nyembamba inayoongozwa kwa altrasaundi hufyonza seli zikasomwe kwa darubini. Tatizo ni kwamba uvimbe wa mirija hii huwa mgumu, wenye makovu, na seli hutoka haba. Mtaalamu wa saitolojia akiwa kando ya kitanda, hupaka slaidi rangi papo hapo na kusema kama zinatosha, mgonjwa akiwa bado yupo. Seli nyingine huhifadhiwa kwenye fomalini kwa vipimo vya sinaptofizini na kromogranini, protini za seli za neuroendokrini, maana uvimbe huo adimu hautambuliki kwa umbo la seli pekee.

Sindano ina hatari pia. Kwa uvimbe wa kwenye lango la ini, aliouelezea Gerald Klatskin mwaka 1965, kuchoma kupitia tumboni kunaweza kusambaza seli za saratani. Mayo Clinic ya Marekani haimpandikizi ini mgonjwa wa aina hiyo aliyekwisha kuchomwa hivyo. Daktari wa upasuaji aulizwe kabla ya sindano.

Mheshimiwa, naomba mwongozo wa wizara utamke mambo matatu. Kwanza, fedha za mashine za altrasaundi ziende pamoja na ajira ya wasoma seli na ununuzi wa vitendanishi. Pili, hospitali za kanda ziweze kutuma picha za slaidi ngumu kwa wataalamu wenzao bila kumsafirisha mgonjwa. Tatu, jibu la “hakuna seli za saratani” lisichukuliwe kuwa mgonjwa hana saratani. Dalili zikiendelea, apimwe tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi wa masuala ya afya,
Dar es Salaam.