GARI LA UMEME: KIJANA, USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Kijana, vigogo wana wimbo mpya: gari la umeme. Tusibishe kijinga. Gari hilo halinywi petroli, halitaki oili ya injini wala plagi, na ukilikanyaga linachomoka kama mshale.

Lakini jiulize: utalichajia wapi? Tangi la petroli hujaa kwa dakika tano. Betri kwenye soketi ya nyumbani hukesha usiku kucha. Wewe uliyepanga chumba Manzese, luku moja wapangaji sita, utapitishia waya dirishani? Na betri ikifa, bei yake itakutoa machozi.

Norway, wachimba mafuta wenyewe, wameweza. Mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Lakini serikali yao ilianza kuyafutia kodi tangu 1990, na umeme wao wa maji ni wa uhakika. Sisi tuna bwawa la Nyerere la megawati 2,115, mtaani bado giza linatuvizia!

Hatulikatai gari. Tunadai: punguzeni kodi, tengenezeni laini, wekeni vituo vya kuchajia uswahilini. Bila hayo, ni changa la macho!