Maarifa ya Kazi: Jina Moja, Madaftari Mawili

Kila askari anajua maana ya daftari la majina. Ghala, jiko na zahanati zikiwa na daftari lake kila moja, haupiti muda mrefu kabla ya kuonekana kwamba mtu aliyekwisha kuhamishwa bado anapikiwa chakula.

Ofisi zenye kompyuta nyingi hupatwa na dhiki iyo hiyo. Mtumishi hupewa jina na neno la siri la kufungulia kompyuta, jingine la barua, na jingine tena la dawati la msaada, yaani pale anapopeleka taarifa mashine inapoharibika. Kila taarifa hupewa namba, nayo huitwa tiketi, isije ikapotea mikononi mwa mafundi. Lakini aliyesahau neno lake la siri atalalamika wapi, ikiwa mlango wa malalamiko nao unadai neno la siri? Ofisi zenye busara huacha njia ya simu wazi.

Dawa ya madaftari mengi ni daftari kuu moja, ambalo programu nyingine zote huliuliza. Utaratibu wa kuliuliza, uitwao LDAP, ulikuzwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1993. Mwaka 1996 Jesse Vincent, akiwa Chuo Kikuu cha Wesleyan nchini humo, alianzisha programu ya tiketi iitwayo Request Tracker. Tangu toleo lake la 4.4, la mwaka 2016, programu hiyo huweza kuliuliza daftari kuu bila kuongezewa kiungo cha pembeni.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Programu ya tiketi hailazimiki kuhifadhi neno la siri la mtu. Hulitafuta jina lake katika daftari kuu, kisha hubisha hodi humo kwa jina hilo na neno aliloliandika. Akikubaliwa huko, amekubaliwa na huku.

Hapa pana shimo ambalo limewatumbukiza mafundi hodari. Mtu akitaja jina na kuliacha neno la siri tupu, LDAP huweza kulichukua ombi hilo kuwa la mgeni asiyejulikana, na kumjibu kwamba hodi yake imepokewa. Ni kama mlinzi anayemwambia mgeni aketi nje ya lango, na karani wa ndani, akisikia sauti ya upole, akamhesabu mgeni huyo kuwa ni kamanda mwenyewe. Maelezo ya mwaka 2006 yalionya juu ya jambo hili. Basi programu ya tiketi sharti ikatae neno tupu yenyewe, kabla ya kuuliza popote.

Jambo la pili ni kumtambua mtu. Wengi huunganisha madaftari kwa anwani ya barua pepe. Binti akiolewa na kubadili jina, anwani hubadilika, na programu humwona kuwa mtu mpya. Tiketi zake za zamani hubaki kwa mtu asiyekuwapo. Koplo akipandishwa kuwa sajenti cheo hubadilika, lakini namba yake ya jeshi haibadiliki. Daftari kuu nalo huwa na namba ya namna hiyo kwa kila mtu, na hiyo ndiyo ifaayo kuunganishia.

Mwisho ni anayeondoka. Jina lake hufungwa katika daftari kuu siku iyo hiyo, na milango yote inayouliza humo humkataa atakapobisha hodi tena. Aliyekwisha kuingia asubuhi, hata hivyo, huweza kubaki ndani mpaka kikao chake kikatwe. Lakini jina hilo lisifutwe katika programu ya tiketi. Atakayerithi meza yake atahitaji kujua nani aliomba mashine ya kuchapia itengenezwe, lini, na fundi alijibu nini.