Mashua Ndogo Haihitaji Injini Kubwa

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Kwa hiyo mashua za kujiundia katika bwawa la Masinga, upande wa Embu, ni za wavuvi. Nilisikitika kumwona mmoja wao akiuza ng'ombe wa karo ili anunue injini ya nguvu za farasi 15. Mashine hiyo huzidi kilo 30: ikipachikwa nyuma, tezi hudidimia na maji huingia. Tena, walimu wa fizikia ni mashahidi wangu, mwendo wa chombo kinachopasua maji huwekewa mpaka na urefu wake, hivyo nguvu ya ziada huteketeza petroli bure. Injini ya nguvu za farasi 2 au 3, isiyofika kilo 20, ingemtosha; jioni angeibeba begani hadi nyumbani. Makasia, hata hivyo, asingeyaacha: Masinga mna viboko, na injini haiwaki kila ivutwapo kamba.