Sauti bila jina: namna Nairobi ilihifadhi historia iliyofichwa

Huku kwetu Karuba, mtu akikimbia vita anabeba watoto, godoro na sufuria. Picha za ndoa, karte ya ubatizo, daftari la likelemba, vyote vinabaki nyumbani. Tangu mapigano ya mwaka 2023, familia nyingi za Masisi hazina tena hata karatasi moja ya kuonyesha namna zilivyoishi. Njo maana si vigumu kwetu kuelewa watu ambao historia yao haiko imeandikwa popote.

Leo tunazungumzia watu ambao wengi wetu hatupendi hata kuwataja: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wale wanaojisikia tofauti na mwili waliozaliwa nao. Najua kuna msikilizaji atapiga simu kwa hasira. Apige tu, nambari anayo. Swali letu ni hili: watu hao wakisimulia maisha yao, nani atunze habari hiyo, na aitunze namna gani isije ikawaletea kifo?

Tuanzie Nairobi. Mwaka 2013, wasanii wa kikundi cha Nest Collective walianza kurekodi watu wa namna hiyo wakisimulia utoto wao, shule, kazi, mapenzi na kufukuzwa na wazazi. Sheria ya Kenya, iliyoachwa na Waingereza, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 juu ya uhusiano wa wanaume wawili, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta. Kwa hiyo watu walirekodiwa bila kutajwa jina. Kutoka kwenye simulizi hizo ikatengenezwa filamu, Stories of Our Lives, yenye hadithi tano, picha nyeusi na nyeupe, na waigizaji wakichukua nafasi ya wenye habari. Ilionyeshwa Toronto mwezi Septemba 2014. Mwezi uliofuata bodi ya filamu ya Kenya ikaikataza, na mtayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa. Mwaka 2015 filamu ilipata zawadi Berlin, na simulizi zikatoka pia kwenye kitabu.

Mimi nilichokishika hapo ni kitu kimoja. Waliotia jina kwenye kazi njo walibeba hatari. Waliosimulia hawakutajwa.

Kampala ilikuwa kinyume kabisa. Oktoba 2010, gazeti moja dogo la huko lililoitwa Rolling Stone (halina undugu na lile la Marekani) lilichapa majina na picha za watu liliosema ni mashoga, na maneno ya kutaka wanyongwe. David Kato, mmoja wa waliotajwa, alienda mahakamani pamoja na wenzake wawili wakashinda, mwanzoni mwa Januari 2011. Tarehe 26 mwezi huohuo akauawa nyumbani kwake kwa kupigwa nyundo. Polisi ilisema mauaji hayahusiani na gazeti. Wenzake hawakukubali hivyo. Sisi wa Masisi tunajua orodha ya majina inaweza kufanya nini ikifika mkononi mwa mtu mwenye silaha, sina haja ya kueleza sana.

Afrika Kusini wanaweza kutunza hata majina. Tangu 1997 kuna nyumba ya kumbukumbu inaitwa GALA, Johannesburg, kwenye Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Humo kuna karatasi za Simon Nkoli, aliyefungwa juu ya kupinga ubaguzi wa rangi na ambaye hakuficha kwamba ni shoga. Ila kule katiba ya 1996 inawalinda.

Kongo iko katikati. Hatuna sheria inayotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Katiba, kifungu cha 40, inasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke, basi. Lakini kifungu cha 176 cha sheria ya makosa, juu ya kuchafua adabu hadharani, kinaweza kuvutwa mtu akamatwe. Na jirani hangoji kifungu.

Watu wanafikiri kuweka habari kwenye kompyuta au telefone ni kuiweka salama. Inapona moto na mvua, ni kweli, na nakala moja inaweza kulala mji mwingine. Lakini picha ya telefone mara nyingi inabeba ndani yake tarehe, saa, hata mahali ilipopigwa. Kwenye bariere telefone inafunguliwa na kusomwa. Sauti nayo inamtaja mwenyewe: hapa Karuba mtu anatambuliwa hata kwa kikohozi chake! Kwa hiyo jina likae mbali na sauti, sauti isomwe na mtu mwingine kabla ya kutoka, na mwenye habari awe na haki ya kusema siku moja: futeni yangu.

Baada ya kuandika haya nilifungua kompyuta ya studio. Simulizi za wakimbizi wetu, wanawake waliobakwa wakiwemo, ziko humo, nakala moja tu, na kila faili ina jina la mwenyewe na kijiji chake. Tumeanza kuyatoa majina hayo jana jioni.