Mwili Hujifagia Wenyewe

Majuzi mama mmoja wa makamo aliletwa katika zahanati yangu hapa Thika akiwa ametota jasho na kuropoka. Alikuwa ameanguka ndani ya matatu iliyotoka Ruiru. Ni mgonjwa wa kisukari, na kwa siku mbili hakuwa ameonja chakula kwa sababu aliambiwa kufunga husafisha seli na kuongeza umri. Vidonge vyake vya glibenklamaidi, hata hivyo, alivimeza kama kawaida. Sukari ilisoma 1.9, ilhali haifai kushuka chini ya 4. Tulimtia glukosi mshipani, akafumbua macho, akauliza mkoba wake uko wapi. Kisha tukampeleka kulazwa, maana vidonge hivyo huweza kuishusha sukari tena.

Aliyemshauri hakusema uongo mtupu. Kila seli hukusanya protini zilizoharibika na mitokondria zilizochakaa, huzifunga katika vifuko na kuzivunjavunja, kisha vipande hutumika upya, kama fundi wa jua kali anavyofua pipa kuukuu likawa karai. Mbelgiji Christian de Duve aliipa kazi hii jina la otofaji mwaka 1963. Mjapani Yoshinori Ohsumi alizifumbua jeni zake kwa kuchunguza hamira, hii hii tunayoumulia mkate, akatuzwa Nobel mwaka 2016. Uzeeni usafi huo hulegea. Panya waliobadilishwa jeni ili usafi uzidi waliishi zaidi ya wenzao.

Lakini panya si mkazi wa Makongeni. Usiku mmoja bila chakula kwake ni mfungo mkubwa. Wala sina kipimo cha maabara cha kukuonyesha seli zako zimefagiwa kiasi gani, na anayekuuzia unga wa "kusafisha seli" pale stendi hana pia. Pesa hizo nunua sukuma wiki.

Rai yangu ni nyepesi. Wengi wenu hufika nyumbani saa tatu usiku kwa msongamano wa barabara ya Thika, mkajaza ugali na kulala papo hapo. Ijumaa ndiyo hiyo ya nyama choma Kamakis. (Nami huonekana huko, sikatai.) Ukila saa moja jioni na usitafune tena hadi saa moja asubuhi, umepata saa 12 bila gharama. Tembea pia, kwa panya, mazoezi huamsha usafi huo huo.

Ila ukitumia insulini au vidonge vya kisukari, ukiwa mjamzito au unanyonyesha, usifunge kabla ya kumwona daktari. Waislamu wengi wenye kisukari huja kwangu kabla ya Ramadhani tukapanga upya dawa zao. Mbona anayefunga kwa ajili ya seli haji?

Yule mama amerudi mara mbili. Bado anataka kufunga. Tumembadilishia dawa, na tumeafikiana chakula cha jioni kiwe saa moja. Anayelalamika sasa ni mumewe.