Mzee Ojwang' Hakuhitaji Harambee

Nasema wazi, na anayetaka kununa anune: Wakenya hatupendi waigizaji wetu wakongwe. Tunapenda kuwazika.

Angalieni mtindo wetu. Msee akiwa mzima tunamwita gwiji na tunampiga picha kwa stage. Akiugua, picha yake inazunguka simu kwa simu ikiwa na namba ya M-Pesa chini. Akifa, kila mwanasiasa ana risala ya rambirambi, kila stesheni inarusha klipu zake usiku kucha, na sisi tunaweka mishumaa na emoji za machozi. Wiki ikiisha tumesahau. Halafu tunangoja mwingine augue.

Sijui kama wale mliozaliwa 2005 kuja huku mnamjua Benson Wanjau. Jina hilo pengine halikuambii kitu. Mwambie mzazi wako "Mzee Ojwang'" uone atakavyocheka kabla hata hujamaliza. Huyo ndiye Wanjau. Mzee wa ndevu zilizopakwa weupe, mume wa Mama Kayai kwenye Vitimbi, kipindi cha Kiswahili kilichokuwa KBC tangu ile stesheni ikiitwa bado Voice of Kenya. Na hapa ndipo kitu kinachonimaliza: Ojwang' alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, naye si Mluo. Hawa wawili walicheza mtu na mkewe wa Kijaluo, lafudhi na yote, miaka na miaka, na nchi hii inayopigana kila uchaguzi ikakaa chini ikacheka pamoja. Nitajie mwanasiasa aliyefanya hivyo.

Hapa Isiolo walimtazama kila mtu. Mnajua mji wetu: Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana, Msamburu, wote kwa barabara moja, na kila mtu na lugha yake nyumbani. Kabla KTN haijaanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni. Ukiwa na runinga, au jirani mwenye runinga na roho nzuri, ulitazama kile walichokupa. Mamangu alijifunza Kiswahili akiwa mtu mzima, na anaapa kwamba nusu ya Kiswahili chake alikitoa Vitimbi. (Ndiyo maana akikasirika anasikika kama Mama Kayai. Hatujawahi kumwambia.)

Kwa hivyo mtu huyu alifundisha watu lugha ya taifa, bure, sebuleni kwao. Mwisho wake ukawaje? Miaka ya mwisho macho yalimsumbua, ikabidi Wakenya wachangishwe ili atibiwe. Tarehe 12 Julai 2015 akafariki katika Hospitali ya Kenyatta kwa nimonia. Taifa likalia. Kwa kulia tuko sawa kabisa, hakuna anayetushinda.

Sasa mtu ataniambia, "Si tulichanga? Kwani tulikosea kumsaidia mzee?" Hamkukosea. Mwenye kuchanga Mungu ambariki. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mtu aliyefanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, mbele ya macho ya nchi nzima, ahitaji kuchangiwa? Fundi aliyejenga shule akizeeka anaweza kukosa pesa, sawa, nyumba inajengwa mara moja. Kipindi cha televisheni si nyumba. Kinaigizwa siku moja, kinaonyeshwa leo, kinarudiwa mwaka ujao, kinarudiwa tena miaka kumi baadaye, na sasa kinakatwakatwa vipande na kuwekwa YouTube. Kila mara kikirudi kuna mtu anaweka tangazo katikati. Mwenye tangazo amelipa. Stesheni imelipwa. Stima imelipwa. Mtu pekee ambaye hajalipwa ni yule unayemwangalia.

Waigizaji wa kizazi hicho wamelisema hili wenyewe, mara nyingi, kwa midomo yao: walilipwa kidogo kwa kipindi, na kikirudiwa hawaoni kitu. Si siri. Tumesikia, tukasema "woiye", tukaendelea kuscroll.

Kuna wale wa "walikula pesa yao, wakanywa, sasa wanatusumbua". Nyinyi ndio nilikuwa nawatafuta. Mnakumbuka Omosh wa Tahidi High? Mapema 2021 alitoka kwenye mahojiano analia, anasema hana hata kodi. Nchi ikashikwa na huruma, pesa zikatumwa, akajengewa nyumba. Miezi michache baadaye akarudi kusema bado hali ni ngumu, na mkamgeuza kuwa kichekesho. Meme kila mahali. Mkamhesabia pombe kama nyinyi ni mkaguzi mkuu wa serikali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: Tahidi High ilipendwa miaka mingapi, na zile miaka zilimwachia nini? Huo ndio ubaya wa harambee. Ukimpa mtu sadaka unajiona umenunua haki ya kumchunguza anavyoishi. Mtu akilipwa haki yake, anywe, asinywe, anunue mbuzi, hiyo ni shughuli yake. Kwani mwalimu mstaafu mnamuuliza pensheni yake ameitumiaje?

Na si Kenya peke yake. Jirani zetu Tanzania walimpitisha Mzee Majuto njia ileile. Amri Athumani wa Tanga, mtu ambaye hata hapa Isiolo CD zake ziliuzwa na kunakiliwa mpaka zikakwaruzika, aliugua 2018, akapelekwa India kutibiwa, na akiwa mgonjwa ndipo Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mtu kitandani, ndiyo watu wanaanza kusoma mikataba! Agosti 8 mwaka huohuo akafariki Muhimbili.

Msinishawishi kwamba hii ni kawaida ya dunia, kwamba sanaa ni hivyo tu. Marekani mwaka 1960 waigizaji wa Hollywood waliweka kazi chini na kugoma, kwa sababu filamu zao za sinema zilikuwa zinauzwa kwa televisheni na wao hawapati hata senti. Kiongozi wa chama chao wakati huo alikuwa Ronald Reagan, ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa rais. Wakarudi kazini wakiwa na malipo ya marudio, na pesa za kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Hiyo ni 1960, Kenya hata uhuru hatujapata. Mwaka 2023 wakagoma tena siku 118, safari hii ugomvi ukiwa ni mitandao ya kutazamia filamu na akili bandia inayoweza kuiba sura ya mtu.

Utasema Marekani wana pesa. Haya, twende India. Wengi wetu hapa tumelelewa na filamu za Kihindi zilizosimuliwa na DJ Afro, na nyingi ya zile za kupigana, jamaa mmoja anarusha magari kama mikate, si za Bollywood hata. Zimetoka kusini, ni za Kitelugu. Waigizaji wa huko Hyderabad wana chama chao tangu 1993, Movie Artists Association, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chiranjeevi, staa mkubwa kabisa wakati huo. Hicho chama kinawapa wazee wao pensheni, kidogo lakini ipo. Staa aliye juu alikubali kuongoza chama cha wale walio chini. Hebu nionyesheni staa wetu mmoja aliyetumia jina lake hivyo. Sisi staa wetu akipanda anahamia Kilimani na kubadilisha namba.

Na kinachouma zaidi ni kwamba sheria tuko nayo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwigizaji haki juu ya uigizaji wake, si mtunzi na mwimbaji peke yao. Kuna hata shirika lililoundwa kukusanya malipo ya waigizaji na wanamuziki, PRISK. Liko na lawama zake, na wanaolalamika kuhusu mgao wako na haki ya kulalamika. Lakini ni wangapi kati yenu, nyinyi mnaorekodi skiti kila wikendi pale karibu na uwanja wa ndege, mmewahi kulisikia jina lake?

Ngoja niwape kingine kutoka kwa sheria hiyohiyo, maana hiki kinafaa kuwatisha. Kifungu cha 31 kinasema kazi iliyotengenezwa kwa kuagizwa, hakimiliki yake inamwendea aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma tena polepole. Mwenye duka akikuita umtengenezee video ya tangazo, na hamjaandikiana kitu, sheria inaanza kwa kudhani hiyo kazi ni yake. Si yako. Ataionyesha mpaka uote mvi.

Ndiyo maana nacheka kwa uchungu nikiwaona wasee wangu wakiposti "Rest easy legend" kila mzee anapokwenda. Tunamlilia Ojwang' huku tunafanya kazi kwa masharti ambayo yanaweza kuwa mabaya kuliko yake! Yeye angalau alikuwa na stesheni inayojulikana mlango wake. Sisi tunalipwa nauli na sahani ya pilau. Tunalipwa "utajulikana". Wengine wanalipwa kwa kutajwa jina, na hata hilo jina linaandikwa vibaya.

Kuna mgombea mmoja alinitafuta nimfanyie skiti tano za kampeni, kwa lafudhi, "ile ya kuchekesha, ya mzee wa kijijini". Tukaongea bei, ikawa poa. Nikamwambia basi tuandike: zitaonyeshwa wapi, mpaka lini, na zikitumika tena baada ya uchaguzi inakuwaje. Jamaa akaniangalia kama nimemtukana mama yake. "Wewe ni mtoto wa hapa. Kwani huniamini?" Siku mbili baadaye kazi ilipewa kijana mwingine ambaye hakuuliza kitu, na zile skiti mmeziona nyote. Simlaumu yule kijana, njaa ni njaa. Lakini nimeona zikirushwa tena juzi, na najua hakupigiwa hata simu.

Hiyo "huniamini?" ndiyo silaha yao kubwa hapa kwetu. Mji mdogo, kila mtu ni mjomba wa mtu, na ukitaja karatasi unaonekana huna adabu. Lakini angalia mjomba huyohuyo akiuza ngamia mnadani. Mashahidi wako, bei inasemwa mbele za watu, alama ya ngamia inajulikana, hakuna anayesema "kwani huniamini". Ngamia anastahili mashahidi. Sura yangu haistahili hata nusu karatasi?

Na lile la lafudhi nalo tuliseme. Kwenye vichekesho vya Nairobi, mtu wa kwetu kaskazini ni askari wa geti au mwenye duka, na anaongea Kiswahili cha kuvunjika ili wengine wacheke. Tumezoea hata sisi wenyewe tunajiigiza hivyo. Mimi sina shida na lafudhi, Wanjau alijenga maisha yake ya kazi juu ya lafudhi isiyo yake. Tofauti ni kwamba Ojwang' alikuwa mtu kamili: mume, mwoga, mjanja, mwenye nyumba na mke asiyemwogopa. Lafudhi ilikuwa nguo tu. Ukiuza lafudhi ya watu wako bila mtu ndani yake, na tena ukaiuza kwa sahani ya pilau, hapo umeuza mara mbili na hujalipwa hata mara moja.

Kwa hivyo mimi sichangi tena kimyakimya. Namba ya M-Pesa ya mzee mwingine ikija, nitatuma nilicho nacho, na chini yake nitaandika jina la stesheni iliyomwonyesha na kuuliza inamlipa nini akirudiwa. Kila mara. Wakinizuia huku nitauliza kule. Na nyinyi mkifanya hivyo watu elfu mbili, mtaona vile ofisi ya mawasiliano inapata kazi ghafla.

Nimeandika makubaliano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, mwanasheria mmoja rafiki yangu ameyapitia. Yana mambo matano: nani anamiliki, itaonyeshwa wapi, mpaka lini, malipo ya kwanza ni ngapi, na ikirudiwa ni ngapi. Anayetaka anitumie ujumbe nimpe, bure, abadilishe jina tu. Mwenye hoteli mmoja hapa mjini anayetaka tangazo la Ramadhani ameyasoma mara mbili na kunirudishia, anasema kipengele cha marudio hakielewi. Nimemwelezea. Ameniambia nirudi Jumatatu.